Naomba ushauri: nimrudishe vipi kijana niliyemvunja moyo?

Wandugu, jambo. Tuna klabu ndogo ya wapiga picha hapa Goma. Mwezi uliopita kijana mmoja alileta picha ya chukudu (kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili) lenye magunia ya makaa, likishuka kwenye mawe meusi ya volkano. Mwendo aliukamata vizuri sana, gurudumu la mbao unaliona linazunguka. Ila alipiga kwa 1/30 ya sekunde, kasi ndogo kwa kamera ya mkononi, mkono ukatikisika, uso wa mwenye chukudu ukapotea. Mimi nikasema tu, "Haiko wazi." Akafunga kompyuta yake, hajaja tena. Inaniuma, maana nami nilipoanza niliambiwa hivyo hivyo, nikaiweka kamera kabatini miezi mingi.

Nikimfuata nyumbani, nianze na lipi? Na kikaoni, tumuulize kwanza mwenye picha alitaka kuonyesha nini, ndipo tuseme yetu?