Ulishawahi kubanwa na hewa nzito sehemu ya watu wengi? Tupeane uzoefu

mchukuzi88
Wakuu habari zenu. Juzi nilikuwa natoka Dodoma narudi Dar, basi limejaa, AC inapuliza, vioo ni vile vya kisasa havifunguki hata ufanyeje. Sasa shemeji yangu yuko Muscat aliniletea kamashine ka kupima hewa, kadogo tu kama kiganja, kanapima kaboni dayoksaidi, ile tunayoitoa tukipumua. Stendi kabla sijapanda kalisoma 430, yaani sehemu 430 kwa kila milioni ya hewa, kawaida ya nje hiyo. Tumefika Morogoro kako 2,900 na kanalia mpaka konda akaja kuniuliza braza hicho ni nini, bomu? Geuka nyuma, abiria robo tatu wamelala midomo wazi, mimi mwenyewe kichwa kinagonga. Miaka yote nilijua usingizi wa basi ni uchovu wa safari kumbe tunavutishana pumzi. Nikapiga hesabu, hewa ya puani inatoka na kama 38,000 hivi, kwa hiyo kwenye 2,900 kila pumzi ya kumi na tano ni ya mwenzio aliyokwisha kuitumia. Jirani yangu alikuwa amekula kitunguu kibichi.

Leteni na nyie, saluni, benki, banda umiza, ibadani, foleni ya hospitali, popote.

Chaupele_Jr
Nakaa siti ya mbele hapa

mama_kijacho
Siku hizi kwenye foleni ya benki naomba kusimama karibu na mlango, walinzi wanadhani nataka kukimbia na hela.

Kijana wa Buguruni
Umenikumbusha mbali mkuu. Disemba 2022 fainali ya Argentina na Ufaransa, banda umiza la mtaani kwetu kiingilio buku, siku hiyo likawa buku mbili na bado watu wanamwagika. Unajua mabanda yetu, bati juu, pembeni wamezungushia turubai jeusi mwanga usiingie, mlango mmoja na umezibwa na mwenye banda anahesabu hela. Tumebanana kama dagaa, feni moja nayo inampulizia mwenye TV. Mpaka Argentina wanaongoza mbili niko vizuri. Dakika ya 80 Mbappe akapiga penalti, dakika moja mbele akaweka ya pili, banda zima likaruka, na mimi nikaruka, kushuka sikujua nimeshuka wapi. Nimezinduka niko nje nimelazwa kwenye benchi la muuza chipsi namwagiwa maji, nauliza nani kashinda naambiwa bado ni mbili mbili, nikataka kurudi ndani wakanikatalia. Penalti za fainali ya Kombe la Dunia nimesikiliza nyuma ya turubai na buku mbili nimelipa.

Chaupele_Jr
Ulikuwa upande wa Ufaransa ndio maana 😂

Njeri wa Umoja
Huku Nairobi ni matatu ya July. Baridi imeingia, madirisha yote yamefungwa, yamejaa mvuke mpaka watoto wanachora na kidole. Ukifungua hata inchi moja mama wa nyuma anakufokea "funga dirisha mtoto atashikwa na homa". Na mtoto mwenyewe anakohoa kutoka Donholm mpaka tao, na sisi wote tunakohoa naye. Hiyo homa si inatoka humo ndani sasa? Nilijaribu kumweleza siku moja nikaambiwa sina mtoto ndio maana nabonga.

Fundi Friji Tz
Niseme kitu maana hii ndiyo kazi yangu. Hizi AC za ukutani mnazofungiwa ofisini na saluni HAZILETI hewa ya nje. Ile mashine ya nje inatoa joto tu, hewa ni ile ile ya chumbani inavutwa, inapozwa, inarudishwa. Mteja ananiambia fundi ongeza gesi hewa nzito, naongeza gesi ya nini wakati watu 12 wako kwenye chumba cha watu 4 na dirisha wamelipiga misumari. Hata kwenye gari, kile kitufe chenye mshale umejikunja ndani ya picha ya gari ukikiwasha mko wanne vioo juu, hampiti dakika nyingi mnaanza kupiga miayo. Zimeni hicho safari ndefu.

mwanaunguja
Ndio maana wazee wa Mji Mkongwe walijenga dari juu na madirisha marefu, hewa moto ipande na upepo wa bahari upite. Sisi tumeweka vioo tukamaliza kazi.

Kijana wa Buguruni
Wazee hawakuwa na jirani anayepiga singeli saa nane usiku

jasiri_mwanga
Mnajisumbua na mamashine ya Uarabuni. Washa mshumaa, ukizima hewa mbaya, ukiwaka hewa nzuri. Babu yangu alitumia hiyo kwenye visima.

Fundi Friji Tz
Kwenye kisima sawa, kule hewa inaweza kuwa imeisha kabisa. Ila kwenye saluni mshumaa utawaka mpaka mmeshalewa wote. Nje oksijeni ni asilimia 21 na mshumaa unahitaji ishuke mpaka kama 16 ndio uzime, we chumba gani cha watu kimefika huko?

jasiri_mwanga
Kwa hiyo babu yangu mjinga?

Fundi Friji Tz
Sijasema hivyo mzee punguza povu

Bibie wa Kariakoo Ndogo
Mimi nilinunua hiyo mashine elfu 35 hapa hapa mjini. Siku ya kwanza nimeiweka dukani asubuhi hamna mtu, inasoma 600. Akapita dada amejipulizia pafyumu, ikaruka 3,000! Mchana jirani kakaanga samaki, ikagonga mwisho wa namba. Nikajua basi duka langu ni kaburi, nimefukuza wateja nimefungua milango yote.

mchukuzi88
Dada umepigwa. Hizo za bei chee hazipimi kaboni dayoksaidi, zinanusa harufu tu kisha zinabuni namba. Ya kweli ina kataa ka mwanga wa infraredi ndani, gesi inameza ule mwanga, ndipo inahesabu. Ijaribu hivi, sogeza pamba yenye spiriti karibu, ikiruka hiyo ni ya kunusa. Halafu itoe nje uwanjani uiache kidogo, kama haikai kwenye 420 au 430 hivi haifai.

Bibie wa Kariakoo Ndogo
Imeruka. Elfu 35 yangu jamani.

Chaupele_Jr
Sasa una mashine ya kupima samaki wa jirani

Nuru_wa_Makambako
Nimesoma nikatetemeka, sijawahi kuisimulia hii kwa watu nisiowajua. Mwaka 2016, mwezi wa sita, Njombe. Wanaojua baridi ya Njombe ya mwezi wa sita wanajua. Tulikuwa na mkesha kanisani, kanisa dogo la matofali, watu kama sitini na watoto. Umeme ukakatika saa nne, tukawasha jenereta. Sasa jenereta la kwanza lilishaibiwa nje mwaka juzi wake, kwa hiyo wazee waliamua hili lipya liwekwe kwenye kastoo ka pembeni ya madhabahu, kadirisha kake kamezibwa na magunia ya mahindi ya sadaka, na mlango wa stoo haufungi vizuri. Milango mikubwa tumefunga kwa ajili ya baridi, chini ya mlango tumeweka kanga upepo usipite. Harufu ya moshi tuliisikia kidogo lakini nani atajali, spika zinaunguruma na kwaya iko moto.

Kama saa sita hivi akaanguka binti mmoja wa kwaya. Tukashangilia, ameguswa. Akaanguka wa pili. Mchungaji akasema leo kazi imeanza, maombi yakapanda juu. Watoto wakaanza kutapika, mama mmoja akasema hayo ndiyo mapepo yanatoka. Mimi kichwa kilikuwa kinapigwa nyundo, nikajaribu kusimama miguu haipo, naiona lakini siyo yangu. Nakumbuka nilijiambia nikae tu nipumzike kidogo, na usingizi ulikuwa mtamu, hicho ndicho kinachonitisha mpaka leo, ulikuwa mtamu.

Aliyetuokoa ni kijana wa boda alikuja kumchukua dada yake. Kafungua mlango moshi ukampiga usoni, kaona watu wamelala ovyo na mchungaji ameshikilia mimbari kama mlevi. Hakuuliza, alikimbia kuzima jenereta, akapiga yowe mtaa ukaamka wakatuburuta kwenye umande. Namshukuru Mungu hakufa mtu, ila wawili walilazwa siku tatu, mmoja mjamzito. Hospitali wakasema ni kaboni monoksaidi.

mama_kijacho
Mungu wangu.

Kijana wa Buguruni
Yule mjamzito mtoto alikuwaje?

Nuru_wa_Makambako
Mzima, yuko shule.

mtetezi_wa_haki
Chai hii. Watu sitini wote wasigundue moshi?

Nuru_wa_Makambako
Kaka naomba tu yasikukute.

Mzee wa Busara Iringa
Mimi sijapenda watu kucheka ibada za wengine humu. Roho akigusa mtu anaanguka pia, msichanganye.

Chaupele_Jr
Mzee hakuna aliyecheka, ila Roho hatumii petroli

Mzee wa Busara Iringa
Kijana chunga ulimi wako.

Kijana wa Buguruni
@mchukuzi88 ndio uone umuhimu, kamashine kako kangewaokoa wale.

nesi_zamu_ya_usiku
HAPANA, na hapa naomba msome vizuri. Kamashine ka mleta uzi kanapima kaboni DAYOKSAIDI. Ya jenereta na jiko la mkaa ni MONOKSAIDI, gesi nyingine, na kipimo chake ni kingine. Yenyewe haina harufu wala rangi, inanata kwenye damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo unavuta hewa na damu haibebi kitu. Na kingine, kale kadude ka kidoleni ka kupima oksijeni kanadanganywa. Mgonjwa wa mkaa anaweza kusoma 98, namba ya mtu asiyeumwa, na anakufa, kadude kanadhani monoksaidi ni oksijeni. Wakiwaleta watu wa nyumba moja wote kichwa na kutapika, kabla sijawaza chakula nauliza mmelala na jiko? Toa mtu nje kwanza, mpeleke hospitali awekewe oksijeni. Maziwa hayasaidii.

jasiri_mwanga
Maziwa yanasaidia, sisi tulipewa.

nesi_zamu_ya_usiku
Sawa babu.

Na kwa vile mmegusa foleni za hospitali. Mimi nilipata TB 2014 kazini, dawa miezi sita. Kachumba kangu ka kuona wagonjwa kalikuwa na dirisha moja nyuma ya kiti cha mgonjwa, upepo unaingia unampitia yeye kisha unaniletea mimi usoni, mwaka mzima sikujua. Alikuja mtu wa semina akawasha kijiti cha udi katikati ya chumba, tukauangalia moshi, wote ukaja kwenye kiti changu. Tukabadilisha meza, dirisha likawa mgongoni kwangu na mgonjwa akawa upande wa mlango. Haikugharimu hata mia. Moshi ukisimama hapo hapo chumba hakipumui, ukikimbia jua unakwenda kwa nani.

mwanaunguja
Udi tunao majumbani kumbe ni kipimo, leo naujaribu madrasa.

bintimtwapa
Msikitini kwetu huku Mtwapa walifunga AC nne wakaziba matundu ya juu yote baridi isitoke. Ijumaa imamu hajamaliza hotuba nusu ya safu yasinzia wallahi. Wazee wakanena ni imani imepungua.

mama_kijacho
Tufungue madirisha mnasema, mbu je? Kwetu ukifungua saa kumi na mbili jioni umealika malaria.

Njeri wa Umoja
Weka wavu.

mama_kijacho
Upo, umejaa vumbi tangu 2019 hata mbu anagonga hodi.

Fundi Friji Tz
Basi uoshe dada, wavu wenye vumbi ni ukuta. Na feni moja igeuze itazame NJE dirishani, inatoa mbaya, nzuri inaingia mlangoni yenyewe.

jasiri_mwanga
Kata kitunguu weka mezani kinavuta sumu.

Bibie wa Kariakoo Ndogo
Jirani wa mchukuzi88 alikuwa amekila na bado ikafika 2,900

mchukuzi88
😂😂 Leo nimekabeba shule ya mwanangu kikao cha wazazi. Darasa la watoto tisini, madirisha hayana hata vioo, kamesoma 640. Kisha tukapelekwa ofisi ya mkuu, AC mpya, wazazi kumi, robo saa tu 1,800. Sikusema kitu, ada sijamaliza.

mtetezi_wa_haki
Hiyo mita bei gani na inapatikana wapi

Kijana wa Buguruni
@Nuru na lile jenereta je, bado lipo stoo?

Nuru_wa_Makambako
Lipo nje sasa, limefungwa kwa mnyororo kwenye mparachichi. Mzee mmoja analala nalo.