Singo jezi ya pamba na elastani: imetoka nzito, upana umepungua, ina mistari. Nianzie wapi?

Mfumaji_BabaDogo

Wadau wa kufuma, habari zenu. Naomba ushauri kuhusu singo jezi (kitambaa chepesi cha kufuma, kama cha fulana) ya pamba na elastani, yaani uzi unaovutika kama mpira. Mashine ni ya mviringo, inchi 30, geji 24 (sindano 24 kwa inchi), fida 90 (sehemu za kuingizia uzi), sindano 2260. Pamba ni namba 30 (kipimo cha wembamba wa uzi) iliyochanwa, uzi mmoja. Elastani ni denia 40 (gramu 40 kwa mita 9000), mtupu bila kufunikwa na uzi mwingine, inaingia fida zote. Kitanzi, yaani urefu wa uzi wa pamba kwa kila sindano, ni milimita 2.75. Kitambaa ni cheusi, cha kushona taiti, na mteja anataka gramu 220 kwa mita ya mraba na upana wa sentimita 165 kikiwa kimefunguliwa.

Baada ya kupakwa rangi na kukaushwa kimekuja gramu 255, upana sentimita 150. Kingo zinajikunja vibaya mno hadi mkataji analalamika. Kuna mistari ya mlalo inayojirudia, na ukikivuta unaona nukta nyeupe usoni. Mkazo wa elastani hapa hupimwa kwa kidole tu. Nianze na kitanzi, na elastani, au niende kwa mwenye stenta, ile mashine ya kukausha kitambaa kikiwa kimetandazwa kwenye pini?

Kemu_na_Sinka

Ndugu, kidole weka kando kwanza. Elastani haipangwi kwa mkazo, inapangwa kwa urefu. Cha kujua ni mita ngapi za pamba na mita ngapi za elastani zinaingia kila silinda inapozunguka mara moja. Gawanya ya kwanza kwa ya pili, hapo umepata mvuto. Mkazo ni matokeo tu: unabadilika kwa joto la chumba, umri wa bobini na vumbi la pamba kwenye kirola, ilhali urefu unabaki pale ulipouweka.

Pamba ni rahisi, sindano 2260 mara milimita 2.75 ni kama mita 6.2. Lakini usiamini hesabu peke yake. Bandika kipande cha utepe kwenye gurudumu la fida ya pamba, zungusha mashine polepole mara 10, hesabu gurudumu limezunguka mara ngapi, kisha zidisha kwa mzingo wake. Kwa elastani fanya vivyo hivyo kwenye rola inayobeba bobini: alama ya chaki, mizunguko 10, mzingo wa rola. Mzingo upime kwa kuzungushia uzi na kuunyoosha kwenye rula.

Leta namba zote mbili hapa.

Mfumaji_BabaDogo

Nimepima. Pamba mita 6.2 kwa mzunguko, elastani mita 1.65.

Kemu_na_Sinka

Basi mvuto wako ni karibu 3.76, na kwa denia 40 ndani ya pamba namba 30 huo umezidi. Anza na 3.0. Kuna wanaofika 3.5 bila shida, lakini kila unapopanda elastani inakibana kitambaa zaidi kikitoka kwenye sindano: upana unapungua, mistari ya vitanzi inakaribiana, gramu zinapanda.

Watu wengi wanachanganyikiwa hapa. Mvuto mkubwa unapunguza asilimia ya elastani, na bado kitambaa kinakuwa kizito. Denia 40 ni desiteksi 44 (gramu kwa mita 10,000), pamba namba 30 ni kama desiteksi 197. Kwa mvuto wa 3.76, 44 gawanya kwa 3.76 ni 11.7, kwa hiyo elastani ni 11.7 katika jumla ya 208.7, yaani asilimia 5.6. Kwa mvuto wa 3.0 ni 14.7 katika 211.7, asilimia 6.9. Elastani imeongezeka, kitambaa kimepungua uzito, kwa sababu hakijabanwa sana. Anayekaza mvuto ili aokoe elastani anaipoteza pesa hiyo kwenye pamba, maana mteja analipa kwa mita na yeye anafuma kwa kilo.

Sasa kitanzi. Milimita 2.75 inafaa pamba namba 30 isiyo na elastani. Ukiweka elastani, kipe nafasi, nenda 3.0. Pamba itakuwa mita 6.78 kwa mzunguko, na kwa mvuto wa 3.0 elastani iwe mita 2.26.

Angalia mtego huu: ukibadilisha puli ya pamba (gurudumu la mkanda linalopanga urefu wa uzi unaoingia) kwenda kitanzi cha 3.0 na kuiacha elastani pale pale kwenye mita 1.65, mvuto unaruka hadi 4.1. Umekusudia kulegeza kitambaa, kumbe umekikaza. Puli ya pamba na puli ya elastani zinabadilishwa siku moja, na zote mbili zinapimwa upya kabla ya kufuma roli. Na kemu za kitanzi (vyuma vinavyoshusha sindano) zirekebishwe kufuata puli, la sivyo pamba itakatika au italegea. Pamba ikiingia kwa mkazo wa gramu 4 hadi 6 uko sawa.

Kwa kupanga stoo: kwa namba hizo kila mzunguko unakula gramu 12 za pamba na gramu 0.9 za elastani kwa fida zote 90. Roli la kilo 20 ni kama mizunguko 1550, na ndani yake mna elastani kama kilo 1.4. Ukipima bobini kabla na baada ya roli na namba ikawa mbali na hiyo, kuna fida inayoteleza au isiyo na elastani kabisa.

Geji24_Ruaraka

Nakubaliana na hesabu ya Kemu. Mimi niongeze kuhusu nukta nyeupe na mistari, kwa sababu hizo puli haziwezi kuziondoa zote.

Nukta nyeupe ni elastani iliyopita mbele ya pamba. Rangi za pamba haziishiki, kwa hiyo kwenye kitambaa cheusi inang'aa. Kanuni ya kupachika nyuzi mbili kwenye sindano moja ni kwamba uzi ulio karibu zaidi na kichwa cha sindano ndio unaobaki nyuma ya kitambaa. Kwa hiyo elastani ipite kwenye kirola chake juu, ikishika karibu na kichwa cha sindano, na pamba iingie chini yake kupitia tundu la fida. Nyuzi hizi zikikaribiana njia zinabadilishana nafasi, na hapo ndipo nukta zinazaliwa. Tazama kwa tochi fida moja moja mashine ikienda polepole: utaona kama kuna pembe wazi kati ya nyuzi mbili au zinaingia kama uzi mmoja.

Kisha kila kirola kidogo cha elastani ukiguse kwa ncha ya kalamu. Kizunguke bure. Kikikwama kwa vumbi la pamba, elastani inasuguana nacho badala ya kubingirika, inakazika na kulegea kwa mirindimo, na mwisho inaruka njia. Miezi ya Januari na Februari hewa ya Nairobi ikiwa kavu, vumbi hilo huruka zaidi. Feni za kupuliza ziwe zinafanya kazi, na kirola kisafishwe kila zamu. Kisafishwe kwa brashi na hewa. Kisu kinakichuna, na mchubuko unakata elastani.

Mistari ya mlalo: hesabu mistari ya vitanzi kati ya kosa na kosa. Ikiwa ni 90 kamili, fida moja ndiyo yenye tatizo. Kuijua ni rahisi: badilisha pamba ya fida namba 1 kwa uzi wa rangi nyingine, fuma sentimita chache, kisha hesabu kutoka mstari wa rangi hadi mstari wa kosa, ukifuata mwelekeo wa mashine. Ukipata 37, nenda fida inayoingia ya 37 baada ya ile ya rangi. Hapo mara nyingi utakuta elastani imekatika na kihisi hakikusimamisha mashine, au mkanda wa rola umelegea upande huo.

Kama mistari imetapakaa bila mpangilio, angalia bobini. Je, zote ni za loti moja? Je, kuna zilizojaa na zilizobakia kidogo zimechanganywa? Elastani huviringwa kwenye bobini ikiwa imevutika kidogo, na tabaka la nje halina mvutiko sawa na la ndani. Ukiweka nusu bobini kuukuu na nusu mpya kwenye mashine moja, rola itatoa urefu ule ule lakini kitambaa kitasema ukweli baada ya rangi. Badilisha zote 90 pamoja. Mabaki yakusanye, yatumie pamoja kwenye kazi ya rangi nyeupe.

Stoo nayo isiwe chini ya mabati yanayochomwa na jua wala kando ya boila. Elastani ikipata joto na kukaa muda mrefu inanatana kwenye bobini yenyewe. Iliyotangulia kuingia itangulie kutoka. Katoni ikifika, ifunguliwe na kuachwa ndani ya chumba cha kufumia kwa siku nzima kabla ya kupandishwa.

Na stima ikikatika? Elastani kati ya rola na sindano inajirudi, na mashine ikiwaka tena unapata mstari. Iwashe kwa mwendo wa chini kwa mizunguko kadhaa, na mstari huo utiwe alama ya uzi pembeni ili mkataji auone.

Mama_Stenta

Wanangu, mmeongea vizuri lakini kujikunja kwa kingo na upana ni kazi yangu. Kitambaa chenye elastani ambacho hakijasetiwa kwa joto hakina umbo, kitaendelea kurudi kila kinapoona maji ya moto. Muulize aliyekupakia rangi swali moja: alikiseti kabla ya rangi au alikikausha tu?

Kuseti denia 40 ya kawaida ni nyuzi 190 hadi 195 za selisiasi, sekunde 30 hadi 45 kitambaa kikiwa kimeshafika joto hilo. Chini ya 180 hujaseti, umekausha. Ukipita 200 pamba inaanza kugeuka manjano na elastani inapoteza nguvu ya kurudi. Kuna elastani zinazosetika kwa joto la chini zaidi, kwa hiyo karatasi ya mtengenezaji isomwe.

Sekunde nazo zihesabiwe. Stenta ya vyumba sita vya mita 3 ina mita 18. Kwa mita 24 kwa dakika kitambaa kinakaa ndani sekunde 45 tu, na zile za mwanzo zinaishia kukipasha moto. Kikiingia kimelowa ni mbaya zaidi, maana joto lote linakwenda kwenye maji. Punguza mwendo.

Upana kwenye pini uwe asilimia 5 hadi 10 zaidi ya ule unaotaka mwishoni. Ukitaka 165, seti kwenye 175 au 180, na kilishwe kwa ziada kwa urefu ili kisivutwe. Ukikivuta kwa nguvu kufikia upana ambao mfumaji hakuutengeneza, mteja atakifua na upana utarudi alikouacha mfumaji.

Kitambaa kikipakwa rangi kama kamba kabla ya kusetiwa, mikunjo yake inabaki milele. Na roli la kitambaa ambacho bado ni bomba, hakijapasuliwa, lisikae limebanwa kwenye rafu, mkunjo wa katikati hautoki. Kipasue, kilegeze, kifike kwangu ndani ya siku moja au mbili.

Tena, kama kuna kitambaa cheupe, kipaushwe kwa peroksaidi ya haidrojeni. Klorini inaila elastani.

Geji24_Ruaraka

Mama, swali la heshima: unakiseti kikiwa kibichi kutoka mashineni, au baada ya kukiosha? Wengine wanaseti moja kwa moja.

Mama_Stenta

Nakiosha kwanza. Elastani inakuja na mafuta ya silikoni, na mashine zenu zina mafuta ya sindano. Ukivichoma pamoja kwa 195 vinagandia, halafu rangi inakuja na madoa. Wanaoseti moja kwa moja wanaokoa hatua moja, na mafuta yakiwa machache ya aina inayooshika kwa maji kazi inaweza kutoka safi. Kwa nyeusi ya taiti mimi sijihatarishi.

Mfumaji_BabaDogo

Asanteni sana. Hakuseti, alikausha kwa 150. Swali la mwisho: bosi anauliza kama tunaweza kuweka elastani fida moja ndiyo, moja hapana, tupunguze gharama.

Kemu_na_Sinka

Kwa taiti, hapana. Denia 40 nusu fida, mvuto 3.0, inakupa kama asilimia 3.6. Mstari mmoja wa vitanzi unabana, unaofuata umelegea. Uso unakuwa na mawimbi madogo na goti la taiti litavimba baada ya kuvaliwa. Kwa fulana ambayo haibani mwili inavumilika.

Akitaka kupunguza elastani, bora denia 20 fida zote, mvuto 2.5. Hiyo ni desiteksi 22, hesabu inakuja asilimia 4.3, uso laini. Kilo yake ni ghali kuliko ya denia 40, inakatika upesi zaidi, na nguvu yake ya kurudi ni ndogo, kwa hiyo nayo ni ya fulana. Taiti ziachie denia 40. Na kwa nyeusi agiza elastani angavu badala ya ile nyeupe isiyong'aa, au iliyotengenezwa nyeusi kabisa ukiipata. Nukta zitapungua hata pale kitambaa kinapovutwa.

Cherehani_Eastleigh

Kwa watakaokishona: kitambaa kikunjuliwe juu ya meza siku nzima kabla ya kukatwa, tabaka chache, bila kukivuta. Sindano ya ncha ya mviringo namba 75/11. Ncha kali inakata elastani kwenye mshono, na baada ya kufuliwa mara chache ncha zilizokatika zinajirudisha ndani, mshono unapinda mawimbi hata kama kitambaa kilifumwa na kusetiwa vizuri.