Naomba ushauri: meduza ya chumvi inalowekwa muda gani?

Jambo yenu, wamama na wababa. Hapa Lubumbashi nimenunua meduza kwenye duka la Wachina, ile konyeza ya baharini iliyokaushwa kwa chumvi na shabu. Mkwe wangu alisoma China na anaikumbuka sana; Jumapili anakuja, nataka nimuandalie.

Jana nilijaribu kipande kimoja. Nilikiloweka masaa mawili, chumvi haikutoka. Nikakitia kwenye maji yanayochemka, kikajikunja na kuwa kigumu kama mpira. Iliniuma, maana bei si ndogo.

Jirani ananiambia niloweke usiku kucha nikibadilisha maji, halafu nipitishe tu kwenye maji ya moto yasiyochemka. Mliokwisha kuitengeneza mnafanya hivyo? Na nikikosa mafuta ya ufuta, ya karanga na siki yatafaa?