Diski za mbele za Impreza STI: za kawaida, za mifereji au za matundu?

Mtoto wa Ilala
Wakuu habari za jioni. Nina Subaru Impreza STI, nikikanyaga breki kwenye mwendo wa 100 usukani unatetemeka mpaka mikono inakufa ganzi. Fundi kasema diski za mbele zimekwisha, kuchonga ni kupoteza hela. Kuna duka wana za matundu, zinavutia balaa, na bei iko chini kuliko Brembo za kawaida. Jamaa mwingine ananishawishi nisubiri za mifereji za DBA kutoka Australia. Nichukue zipi? Wiki ijayo nina safari ya Mbeya.

Fundi Chuma
Mkuu, STI ya mwaka gani? Msimbo wa bodi ni GDB au GRB? Kalipa (kile chuma kinachobana pedi) ni Brembo, au gari ni WRX, mdogo wake STI, iliyobandikwa nembo? Diski ya Brembo ya mbele ina kipenyo cha milimita 326 kwa unene wa 30, ile ndogo ya WRX ni 294 kwa 24. Halafu kuna kipenyo cha duara la nati: GDB za mwanzo ni milimita 100, modeli ya 2005 kuja juu ni 114.3. Ukienda dukani na neno "STI" tu watakupa walichonacho.

Mtoto wa Ilala
Ni STI mkuu, nyuma imeandikwa. Kalipa ni za dhahabu.

Fundi Chuma
Imeandikwa nyuma, haya. Dhahabu ya kiwandani au ya kopo la rangi?

Dada Turbo
Kabla hujatoa hela, kuna aliyepima? Kila usukani ukitetemeka mafundi wanasema diski imepinda, kumbe mara nyingi ni tabaka la pedi limegandia upande mmoja, au kutu kwenye habu (kitovu cha gurudumu) inafanya diski isikae sawa. Vua, sugua habu kwa brashi ya waya, rudisha, pima kwa geji diski inayumba kiasi gani ikizunguka. Na unene wa mwisho umeandikwa kwenye diski yenyewe; hiyo ya 30 mwisho wake ni 28. Zako zimebaki ngapi?

Kitonga kwa Gia
Za matundu achana nazo kabisa. Nilifunga kwenye Legacy yangu ya turbo, muuzaji akaapa ni za mashindano. Narudi Dar kutoka Iringa, nashuka Kitonga. Mbele lori la shehena linatambaa, nyuma basi linaniwashia taa kama nimemkosea mtu. Nafasi ya kupita hakuna, kwa hiyo mguu uko kwenye breki muda wote. Katikati ya mlima nasikia harufu ya kuungua, pedali inaanza kwenda chini, halafu kila tairi likizunguka kuna mlio wa tak, tak, tak. Nikarudisha gia ya pili, injini ikalia, gari likashika. Nilisimama Ruaha Mbuyuni kwa wauza vitunguu, nikaacha zipoe. Kutazama diski ya kushoto, nyufa zimetoka tundu hadi tundu, na mmoja umefika ukingoni, ukucha unazama. Niliporudi dukani naambiwa "umezitumia vibaya". Breki imetumiwa vibaya kwa kufunga breki!

Mzee wa Spidi
Pole, ila usitudanganye. Porsche zinatoka kiwandani na matundu, mbona hazipasuki hivyo?

Fundi Chuma
Porsche wamepiga hesabu ya diski nzima wakijua itakuwa na matundu. Hizi za bei chee mtu anachukua diski ya kawaida anaitoboa na drili. Chuma kimepungua, joto ni lile lile, na ufa unaanzia kwenye tundu.

Mzee wa Spidi
Bado ni kuendesha. Mlima unashuka kwa gia. Tatizo lenu mmezoea otomatiki.

Kitonga kwa Gia
Yangu ni manyuali!

Mzee wa Spidi
Basi hiyo gia ya pili ilikuwa likizo mpaka harufu ilipotoka? Mwenye STI hawezi kuwa na shida hiyo, STI zote ni manyuali.

Mkenya wa Subaru
Si zote, A-Line ni otomatiki. Hapa Nairobi utaziona. Mimi niko na za mifereji, zinashika poa lakini zinavuma ukifunga breki kwa kasi, na pedi zinaisha mapema. Kwa gari la kwenda kazini, chukua za kawaida, weka pedi nzuri.

Dada Turbo
Naunga mkono. Na amwage mafuta ya breki, aweke mapya. Yale yananyonya unyevu: DOT 4 mpya haichemki chini ya nyuzi 230, ikishaingia maji kiwango kinaweza kushuka mpaka 155. Hapo hata diski za dhahabu hazikusaidii. Kwenda Mbeya Kitonga unaipanda, shughuli ni kurudi.

Mtoto wa Ilala
Asanteni. Fundi hana geji, anasema anapima kwa macho. Zile za matundu muuzaji kashusha bei tena.

Fundi Chuma
Mwaka wa gari bado hujasema.

Mtoto wa Ilala
Kadi iko kwa aliyeniuzia, nitamuuliza. Rimu ni inchi 16 kama inasaidia.

Fundi Chuma
Inchi 16 juu ya Brembo za 326? Haziingii. Weka picha ya kalipa hapa.

Mkenya wa Subaru
Hizo rimu za 16 ni za 100? Kama unaziuza niko na mtu.