Jenereta ya upepo ya fezi tatu inazunguka lakini betri haijai, naombeni ushauri

Upepo_wa_Kusi: Wakuu, nimefunga jenereta ya upepo ya sumaku kuchaji betri ya asidi ya volti 12. Nyaya zake tatu zinaingia kwenye rektifaya ya dayodi sita, ile inayogeuza umeme wa AC kuwa DC. Kwa upepo wa wastani mita inasoma volti 9 kati ya waya na waya, jozi zote sawa. Baada ya rektifaya, kabla ya kuunga betri, napata 11.3. Betri iko 12.4 na haipandi, ampea sifuri. Mpaka upepo uvume sana. Nafikiria kuweka kontrola ya sola (kidhibiti chaji cha paneli za jua) katikati. Wiki nzima napanda na kushuka mnara, nisaidieni.

FundiKoili: Mkuu, jozi kusoma sawa ni dalili nzuri, koili ni nzima. Rektifaya nayo haina kosa: kilele cha wimbi la AC la volti 9 ni mara 1.41, yaani 12.7, toa 1.4 zinazoliwa na dayodi mbili, ndiyo hiyo 11.3 yako. Betri iko juu yake, umeme hauwezi kuingia. Fungua kifuniko cha nyuma, ncha za koili zimeungwaje?

Upepo_wa_Kusi: Ziko sita, zimefungwa mbilimbili, kila fundo linatoa waya mmoja.

FundiKoili: Hiyo ni delta. Ibadili iwe nyota: ncha tatu za mwisho ziunge pamoja uzifunike, tatu za mwanzo zitoke nje. Kwa mwendo uleule utapata mara 1.73, karibu 15.6. Ukigeuza koili moja kwa bahati mbaya, jozi moja itasoma 15.6 na mbili zitabaki 9, kwa hiyo weka alama kabla ya kufungua.

Mama_Nuru: Kontrola ya sola usiweke kabisa! Betri ikijaa inakata, na jenereta ya upepo ikikosa mzigo mapanga yanakimbia ovyo, volti zinapanda. Mimi niliamshwa usiku na mlio wa bawa lililong'oka. Tafuta kontrola inayohamishia umeme kwenye hita betri ikifika volti 14.4. Hita ya omu 0.6 itameza kama wati 345. Na kabla ya kupanda, upepo ukiwa umetulia, unga nyaya tatu pamoja. Hiyo ni breki.

Upepo_wa_Kusi: Mrejesho: nimeunga nyota. Bila betri jozi zinasoma 15.5, 15.6, 15.6. Nimeunga betri, ampea 2 zinaingia kwa upepo uleule! Swichi ya breki nimeshafunga, na mpaka nipate hita sitaiacha izunguke nikiwa nimelala. Asanteni sana.