Naomba ushauri: Jumatatu naanza kazi ya IT shuleni

Wakuu habari za muda huu. Nimemaliza diploma ya IT mwaka huu na, Mungu si Athumani, nimepata kazi sekondari moja ya binafsi huku Morogoro.

Juzi nilienda kuonyeshwa mazingira. Maabara ina kompyuta 24, zinazowaka 15. Nyingi bado zina Windows 7, ambayo Microsoft waliacha kuihudumia tangu Januari 2020. Nikachomeka flashi ya mwalimu mmoja, mafaili yote yamegeuka shotikati, dalili ya virusi. Mwenyewe wala hakushtuka: "Ndiyo kawaida yake, we bonyeza tu." UPS (kile kifaa cha kushikilia umeme kwa muda ukikatika) hakuna hata moja. Umeme ukikatika, mtihani uliokuwa unachapwa na haujaseviwa ndo umekwenda.

Mashine nitapambana nazo. Kinachonitisha ni kuwa peke yangu, hakuna wa kumuuliza, na chuoni netiweki tulisoma kwenye makaratasi zaidi ya kushika nyaya. Halafu mkuu wa shule ameshanidokeza nitapiga na picha za mahafali, pamoja na kumwangalizia king'amuzi cha nyumbani kwake. Nilicheka, yeye hakucheka.

Sasa wiki ya kwanza nianze na nini? Niorodheshe vifaa au nisafishe virusi kwanza? Zile zenye ram ndogo ya GB 2 (kumbukumbu ya kufanyia kazi) natamani niziwekee Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, ila naogopa walimu watazisusa. Na hela ya UPS naiombaje bila kuonekana nimekuja na makuu?

Mliopitia huku nisaidieni, hasa mliokuwa peke yenu.