Tarehe kwa Kiitaliano: mliokaa na Wataliano, tupeane uzoefu

Mpwani_Malindi: Wakuu, salaam. Huku Malindi na Watamu Kiitaliano tunakiokota ufukweni, ila kwenye tarehe wengi hubabaika. Kanuni ni nyepesi: il, nambari, mwezi. Il tre maggio (tarehe 3 Mei), il venti luglio (tarehe 20 Julai). Tarehe mosi peke yake ndiyo ina neno lake, kama kwetu: il primo agosto. Haya, mwageni yenu.

Binti_Kiwengwa: Mimi napangia wageni magari. Chungeni 8 na 11, hapo il hukatwa: l'otto, l'undici. Mgeni akisema "l'otto alle otto" ni tarehe nane, saa mbili. Asubuhi au usiku, muulize! Halafu kuna "oggi a otto". Hiyo si saa wala tarehe, ni wiki moja kuanzia leo. Dereva wetu mmoja aliwasha gari usiku uleule 😂

Shangazi_Torino: Binti umenichekesha. Huku tarehe utaiandika kwenye kila fomu: siku, mwezi, mwaka, kama nyumbani. Kichekesho ni codice fiscale, ile namba ya kodi. Wifi yangu kazaliwa tarehe 12 Machi, kadi ikaja na C52. Akapanga kwenda kuwagombeza. Nikamwambia kaa chini, wifi: C ndiyo Machi, na mwanamke huongezewa 40 kwenye siku yake ya kuzaliwa. Wanaume hawaongezewi kitu.

Mpwani_Malindi: Shangazi, hiyo 40 nilikuwa siijui kabisa!

Msomi_Perugia: Mwaka hutamkwa kwa pumzi moja: 1998 ni millenovecentonovantotto. Darasani, il Quattrocento ni miaka ya 1400, yaani karne ya 15, mtihani hupenda kukutega hapo. Tarehe ziko hata mitaani: Via XX Settembre (Mtaa wa 20 Septemba) ni ukumbusho wa jeshi la Italia kuingia Roma mwaka 1870. Isome "venti settembre".

Kijana_Kisauni: Na kuuliza leo tarehe ngapi?

Shangazi_Torino: "Quanti ne abbiamo oggi?" Utajibiwa "ne abbiamo dieci", yaani leo tarehe kumi, mwezi hautajwi. Na mwanangu, ukija kutafuta kazi, "lunedì" ni Jumatatu hii, "il lunedì" ni kila Jumatatu. Sikiliza hiyo il kabla hujakubali mshahara.